Shamba la Bi Opal

Tangu walipompasua kifua na kukishona tena, Verlyn Tjaden hakuwa na kazi nyingine ila kukaa kwenye kiti cha dirishani na kutazama kombaini za wenzake, zile mashine za kuvunia, zikipita barabarani. Asubuhi zilipita zikienda kuvuna, jioni zilipita zikirudi, taa zimewaka na vumbi limetanda nyuma yake. Hakuna hata moja iliyokata kona kuingia kwake. Mahindi yake yalikuwa yamesimama makavu. Soya ndiyo kabisa, maganda yalikuwa yameanza kupasuka na punje kumwagika chini, na redioni walikuwa wameshataja theluji.

"Ile ya Merle," alisema bila kugeuka. "Anakwenda kwa Gustafson kumalizia."

"Kunywa dawa zako," alisema Arlys, mkewe.

"Nimeshakunywa."

"Hujanywa. Ziko hapa mezani zinanitazama."

Akazinywa. Daktari alikuwa amemkataza kunyanyua kitu chochote kizito kuliko galoni ya maziwa, kupanda ngazi na kushika usukani wa mashine, mpaka Krismasi ipite. Mtu aliyelima tangu hajaota ndevu, mwenye duka la mbegu na mbolea mjini, jina lake limeandikwa ukutani kwa herufi nyekundu, leo hata takataka anatolewa na mke. Alikuwa amechoka. Na kilichomchosha si kidonda.

Huku kwetu Iowa, mtu akiugua wakati wa mavuno haombi msaada. Jambo hilo halipo. Anakaa kimya, majirani nao wanakaa kimya, halafu siku moja mtu wa kanisani anamuuliza mkewe swali dogo tu: Jumamosi utapika? Hapo unajua wanakuja. Wanakuja na mashine zao na mafuta yao, wanavuna kila kitu kwa siku moja, wanakula, wanaondoka, na hakuna anayelitaja tena. Ukiomba, umeharibu. Ukilipa, ndiyo umeharibu kabisa. Verlyn mwenyewe alishakwenda kuvunia wajane, wagonjwa, hata mlevi mmoja aliyejigonga kwenye nguzo ya umeme. Sasa zamu ilikuwa yake, wiki zilikuwa zinakatika, na Arlys hakuwa ameulizwa kitu. Simu zilizoingia zilikuwa za binti yao aliyeko Minneapolis na za watu wa bima.

Sababu waliijua wote wawili. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, inaonekana vizuri tu kutoka kwenye kile kiti: ekari mia na sitini za soya, ardhi ya Bi Opal Rasmusson.

Bi Opal yuko nyumba ya wazee, na siku hizi hakumbuki hata jina la marehemu mumewe. Shamba lake alikuwa akilikodi Merle Heuer tangu Merle ana nywele kichwani. Hawakuwahi kuandikishana. Kila mwezi wa tatu Merle alikwenda jikoni kwa Bi Opal, wakanywa kahawa, wakapeana mkono, basi, mwaka umepita. Majira haya ya kuchipua, mtoto wa Bi Opal anayeishi Arizona akasema anataka bei ya soko. Verlyn alikuwa ameshachukua kombaini mpya na alihitaji ardhi zaidi ya kuilisha. Akapiga simu Arizona, akamzidi Merle dola hamsini kwa kila ekari, na kahawa yake ilikuwa haijapoa alipomaliza.

"Ni biashara tu," alimwambia mkewe siku ile.

Arlys alikuwa anaosha vyombo. "Merle ana kijana wake karudi nyumbani kulima."

"Travis ana elimu. Hakosi kazi."

Arlys aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Tangu hapo hakuna aliyegombana na Verlyn. Watu wa huku hawagombani, na laiti wangegombana ingekuwa nafuu. Walimsalimu kanisani, walimuuliza habari za wajukuu. Ila mbegu wakaanza kwenda kununua mji wa pili, maili ishirini na mbili, wakipita mbele ya duka lake na kumpungia mkono. Na pale kwenye kituo cha mafuta, ambapo wazee hurusha dadu asubuhi kuona nani atalipia kahawa, Verlyn akiingia walimsogezea nafasi. Nafasi kubwa mno kwa mtu mmoja.

*

Jumatano hiyo kulikuwa na mazishi, na akina mama walikuwa jikoni kanisani wakipaka siagi mikate. Arlys alijikuta amesimama ubavuni kwa LaVonne, mke wa Merle. Angeweza kuhamia kwenye kahawa, lakini wangemwona anahama.

"Verlyn anaendeleaje?" aliuliza LaVonne.

"Anaendelea. Analala kwenye kiti, kitandani hawezi."

"Kiti kizuri. Baba yangu alilala kwenye kiti mwaka mzima."

"Ndiyo."

"Kisu hicho hakikati, chukua hiki."

Arlys akachukua. Wakapaka mikate, sahani ikajaa, wakaanza nyingine. Walikuwa wamefundisha pamoja watoto wa shule ya Jumapili kwa miaka mingi, wamesaidiana kuzaa na kuzika, na sasa walikuwa wanaongea habari za visu. Arlys aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alitaka kusema kitu, chochote, kwamba yeye hakukubali, kwamba alinyamaza tu. Lakini kunyamaza nako angekuelezaje?

LaVonne alifunika sahani kwa karatasi ya plastiki, akaipapasa pembeni ishike.

"Jumamosi utapika?" aliuliza.

Arlys aliishika meza. "Nitapika," alisema.

"Basi mimi nitaleta pai. Za tufaha, sina maboga."

Alipotoka nje Arlys aliingia kwenye gari na kulia, akasubiri macho yapoe ndipo akawasha injini. Nyumbani alimkuta Verlyn pale pale dirishani.

"Wanakuja Jumamosi," alisema.

"Nani kakuuliza?" aliuliza Verlyn.

"LaVonne."

"LaVonne wa Merle?"

"Kwani unamjua mwingine?"

Verlyn alichukua ule mto ambao hospitali ilimpa aukumbatie kila anapokohoa, kidonda kisifumuke, akaukandamiza kifuani. Hakuwa anakohoa. Mzee yule alilia waziwazi mbele ya mkewe, mdomo wazi, bila kujificha. Alikuwa ameogopa kwa muda mrefu kuliko alivyojikubalia: kwamba mazao yataozea shambani, ndiyo, lakini zaidi kwamba amekwisha kuwa mtu wa nje katika nchi aliyozaliwa.

"Sikustahili," alisema.

"Hukustahili," alisema Arlys. "Sasa nipishe hapo, nina viazi vya kununua."

*

Jumamosi umande ulipokauka wakaja. Kombaini saba zilipanga mstari barabarani na malori nyuma yake, na nyumba ikatetemeka mpaka vikombe vikagongana kabatini. Merle Heuer alikuwa wa kwanza kuingia shambani. Ni mtu mrefu, mkavu, haongei sana hata akifurahi. Alinyanyua kidole kuelekea dirishani, akateremsha mdomo wa mashine, akaanza kula mistari.

Walivuna kama watu walioudhiwa na shamba. Kufika saa sita soya ya upande wa nyumba ilikuwa imekwisha na walikuwa wameingia kwenye mahindi. Arlys alitandika mbao juu ya mapipa ndani ya banda la mashine, akaweka viazi vya kuoka kwa jibini, mikate yenye nyama ya nguruwe, maharage, kabichi, na pai za LaVonne. Verlyn alitolewa nje, akaketishwa kwenye kiti, mto mapajani.

"Verlyn, huyo mtoto umempa jina?" aliuliza Gustafson, na watu wakacheka.

"Anafanana na baba yake," alisema mwingine. "Mnene na hana kazi."

Verlyn alicheka, akaukumbatia mto kwa sababu kucheka kuliuma. Ni miezi alikuwa hajataniwa. Utani ule ulimlevya, nadhani, ndiyo maana akafanya alichofanya. Alisimama, akajikohoza, akasema kwa ile sauti yake ya dukani:

"Jamani, sitaki mtu aumie kwa ajili yangu. Mafuta yote mliyotumia leo nitawarudishia. Na mbegu za mwakani, kila aliyekuja hapa nampunguzia asilimia kumi."

Uma zikasimama. Mtu mmoja alianza kuchunguza ukingo wa mkate wake. Arlys, aliyekuwa anamimina kahawa, alitamani ardhi ipasuke imchukue yeye na birika lake. Wanaume wale waliacha mashamba yao wenyewe nusu, wakati theluji inakuja, na huyu anawawekea bei.

"Viazi hivi, Arlys," alisema Gustafson, "umetia nini?"

"Krimu tu," alisema Arlys. "Krimu na kitunguu."

"Vitamu."

Verlyn alikuwa bado amesimama. Hakujua aketi vipi. Ni Merle aliyemwangalia kutoka upande wa pili wa meza.

"Kaa, Verlyn," alisema. "Kula."

Akakaa, akala.

*

Saa kumi jioni walikuwa wamemaliza, na Verlyn alikuwa bado ameketi bandani tangu chakula. Walipuliza mashine zao kwa upepo kutoa makapi, wakamshukuru Arlys kwa chakula, kana kwamba wao ndio waliotendewa, wakaondoka mmoja mmoja. Yadi ikabaki kimya, na maghala ya chuma yamejaa mpaka juu.

"Nizungushe nikaone," alisema Verlyn.

Arlys alimpakia kwenye pikapu, wakaenda taratibu kando ya mashamba. Kazi ilikuwa safi. Kona zote zimekatwa, hata ile karibu na mtaro ambayo yeye mwenyewe huwa anaiacha. Alikuwa anaguna kwa kuridhika, anahesabu kichwani, mpaka walipotokea barabara kubwa. Hapo Arlys akasimamisha gari.

Ng'ambo, soya ya Bi Opal ilikuwa imesimama yote, kuanzia uzio mpaka uzio, inapigapiga maganda kwenye upepo.

"Hawakufika huku," alisema Verlyn.

"Saa kumi, Verlyn. Jua lile pale."

"Basi wamesahau."

Arlys alimwonyesha kwa kidevu. Langoni mwa shamba lile udongo ulikuwa umechimbika kwa magurudumu. Siku nzima malori yalikuwa yakiingia hatua chache langoni, yanageuza, yanarudi kubeba mahindi ng'ambo. Hakuna gurudumu lililogusa hata mche mmoja.

"Afadhali wasingekuja," alisema Verlyn. Sauti ilikuwa inamtetemeka kwa hasira. "Mtu ukimsaidia msaidie. Mtu ukimchukia mchukie. Hiki ni nini sasa?"

"Wamekuvunia kilicho chako," alisema Arlys, akageuza gari.

*

Jumapili baada ya ibada alimwambia mkewe ampeleke kwa Merle. Arlys alibaki ndani ya gari na injini ikiwaka. Merle alikuwa karakanani ameshavua suti, amelala chini ya kombaini yake anapaka grisi. Alitoka, akajifuta mikono, akamsogezea Verlyn ndoo iliyogeuzwa aikalie.

"Nimekuja kushukuru," alisema Verlyn.

"Haina haja."

"Na nimekuja kwa lile la Bi Opal." Alikuwa amelifanyia mazoezi usiku kucha kwenye kiti, likatoka kwa haraka. "Nitampigia yule kijana Arizona. Mwakani ulichukue tena. Ile hamsini ya juu nitaitoa mimi mfukoni kwangu, wewe ulipe ulichokuwa unalipa. Nilikosa, Merle. Nakwambia hivyo. Nilikosa."

Merle alikunja kitambaa chake mara mbili, akakitia mfukoni.

"Travis kaondoka mwezi wa sita," alisema. "Yuko Omaha, kwenye ghala la mizigo, zamu ya usiku. Bila ekari zile hapa hapakuwa na kazi ya watu wawili. Trekta la pili nimemuuzia mtu wa Dakota. Nikilichukua mwakani nitalilima na nani?"

"Mpigie arudi."

"Kapanga nyumba. Ana msichana huko." Merle alitazama kule barabarani. "Nilimwambia arudi nyumbani mwaka jana. Kule alikokuwa aliacha kazi nzuri, kwa sababu mimi nilimwambia. Siwezi kumwambia mara mbili."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Hakusema kwa ukali. Verlyn angependa ukali, angejua pa kujishika. Alikohoa, maumivu yakamkunja, na Merle akaangaza macho huku na huku, akachukua koti lake ukutani, akalikunja, akampa.

"Shika hili kifuani. Hivyo. Kohoa sasa."

Alipotulia, Verlyn akafanya jambo ambalo huku kwetu hatufanyi. "Basi nisaidie hii iliyosimama," alisema. "Nakuomba, Merle. Theluji inakuja na mimi siwezi hata kupanda ngazi ya mashine. Nisaidie."

Merle alitazama viatu vyake, akatazama gari ambamo Arlys alikuwa ameketi anajifanya anasoma karatasi ya kanisani.

"Jana nilivuna kwako kutwa," alisema, "na nilivuna kwa moyo mweupe, usifikiri vingine. Mahindi yako ni mahindi yako. Lakini lile siwezi. Kila nikilipita bado naliona langu. Nikiingia mle na mashine yangu, nitakuwa navuna shamba langu nakupelekea ghalani kwako. Siwezi, bwana. Nisamehe."

Yeye ndiye aliyeomba radhi. Verlyn alimrudishia koti, akarudi garini.

*

Jumatatu Arlys alivaa ovaroli ya mumewe, akakunja miguu ya suruali, akapanda ngazi ya ile kombaini mpya. Alikuwa na miaka sitini na sita. Mara ya mwisho kuendesha mashine ya kuvunia, binti yao alikuwa bado ananyonya, na mashine ile haikuwa hata na kioo. Hii ilikuwa na vioo vya tarakimu pande zote, ikapiga kelele ya onyo kabla hajagusa kitu.

"Inataka nini?" aliuliza kwenye simu ya upepo.

"Inataka ufunge mkanda," alijibu Verlyn, aliyekuwa ameketi kwenye pikapu pembeni mwa shamba, kifaa cha pili mkononi.

"Ingesema tu kistaarabu."

Aliingia kwenye soya kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Soya huvunwa chini kabisa, mdomo wa mashine unaambaa ardhini, na mkono usiozoea unachoka haraka. Alipinda, akaacha vipande, akarudi kuvifuata. Verlyn alimwelekeza mpaka sauti ikamkauka, kisha akanyamaza kwa sababu maelekezo yake yalikuwa yanamchanganya tu. Aliona aibu ya kukaa. Mkewe mzee anatikisika juu kule, na yeye amekumbatia mto kwenye gari lenye joto.

Barabarani watu walipita. Gustafson alipita na tela, akanyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama tunavyosalimiana huku. Verlyn naye akanyanyua chake. Mwingine akapita, kidole. Wote waliona vizuri nani anaendesha ile mashine, na hakuna aliyepunguza mwendo. Chembe za kwanza za theluji zilikuwa zimeanza, kavu, zinaruka bila kutua.

Alasiri pikapu ya Merle ikaja kutoka upande wa mjini. Ilipita, ikaenda mbele kidogo, ikawasha taa za breki. Ikakaa hapo. Kisha ikarudi nyuma taratibu mpaka ikalingana na dirisha la Verlyn, na Merle akateremsha kioo. Moyo ulimruka Verlyn, ule ule uliotiwa viraka.

Merle hakuzima injini. Alikuwa anatazama kombaini, ambayo ilikuwa imegeuka kuelekea pembe ya kaskazini.

"Mwambie Arlys ainue mdomo akifika pale kwenye bonde," alisema. "Kuna mawe. Kila baridi ikipita yanapanda, hata uyatoe vipi. La kwanza liko hatua kama ishirini kutoka kwenye nguzo ya uzio, halafu kuna mawili yamekaa pamoja. Yatavunja visu vyote."

"Nitamwambia."

"Na atakayevuna mwakani naye mwambie."

"Asante, Merle."

"Na usishushe kioo hivyo, utaingiwa na baridi kifuani."

Akapandisha chake, akanyanyua kidole, akaenda. Verlyn alitazama gari lile mpaka likapotelea kwenye theluji. Kisha akabonyeza simu ya upepo.

"Arlys. Inua mdomo hapo mbele. Kuna mawe."

"Siyaoni."

"Yapo. Moja, halafu mawili. Inua."

Mashine ikapunguza mwendo. Sauti ya Arlys ilirudi imechoka, inakwaruza.

"Nani kakwambia?"

Verlyn alikaa na kidole kwenye kitufe. Mbele yake ekari nyingi zilikuwa bado zimesimama, na mwanga ulikuwa unapungua.

"Mwenye shamba," alisema.

Kule bondeni, mdomo wa mashine ukanyanyuka.